Maji Yalipojaa Nyuma Yetu

Kina mama, msinionee huruma kwa kikohozi hiki, ni masalio tu. Mimi Mwajuma, mnayenijua kwa kelele zangu jikoni kila Idi, nilikuwa mzima wa kupindukia. Nimezaliwa Buyenzi, Bujumbura, nikakulia kando ya Ziwa Tanganyika. Hapa Fittja, Uswidi, kila kiangazi naogelea ziwani na binti yangu Zaina, aliyezaliwa hapahapa. Nilijiona maji nayajua. Kumbe nayajua ya ziwa, yanayokaa mahali pake.

Januari hii tuliikimbia baridi, tukaenda Unguja. Asubuhi ya pili bahari ilikuwa imejivuta mbali, watu wanatembea mchangani mpaka kwenye miamba. Nasi tukaenda, tukiokota kauri. Baadaye wote wakaanza kurudi.

"Mamma, mbona wanarudi?" Zaina akauliza kwa Kiswidi.

"Wana njaa hao. Sisi tumeshiba chapati."

Kupwa na kujaa nilikusikia kwenye methali tu, wallahi. Tulipogeuka, maji yalikuwa yameshajaa kati yetu na ufuo, kwenye bonde tulilolivuka miguu ikiwa mikavu. Yakafika magotini, kiunoni, kifuani. Nikakanyaga wale wadudu wa miiba myeusi, nikapiga yowe, nikainywa bahari. Nikaogelea moja kwa moja kuelekea hotelini kwa nguvu zangu zote, na mkondo ukanichukua pembeni. Kadiri nilivyopiga maji ndivyo hoteli ilivyozidi kuwa mbali. Nikaanza kuzama.

"Lala chali, mamma! Usipigane!" Zaina akanishika kidevu, kama walivyofundishwa shuleni.

Nilimparamia, nikamzamisha, Mungu anisamehe. Nilimkwaruza shingo yote. Kisha sikumbuki kitu, mpaka boti ya watalii ilipotuokota, nami natapika povu la rangi ya damu.

Hospitali ya kule walinipa oksijeni, nikaona nimepona, tukarudi. Hatukukaa sana, homa ikaniwakia. Kila pumzi ilinichoma ubavuni, na makohozi yalinuka hata mimi mwenyewe nikayakimbia. Daktari hapa Stockholm akaniambia, "Mchanga na maji machafu viliingia kifuani. Kuna usaha kando ya pafu." Akanipenyeza mpira kati ya mbavu, usaha ukatoka mzito kama uji. "Usipoisha, tutakupasua," akasema.

Dawa nyingine ilikuwa chupa ya maji yenye mrija: unapuliza mapovu ili pafu lifunguke. Mchezo wa watoto! Lakini kila nilipoyainamia maji yale nilijiona nazama tena. Nikakataa. Muuguzi akanibembeleza, sikusikia. Mume wangu Hamisi akanigombeza: "Mwajuma, si wewe uliyekimbia vita na mimba tumboni? Leo unaogopa chupa?" Nikageukia ukutani. Usaha ulikuwa bado unatoka, na siku ya kupasuliwa inakaribia.

Ndipo Zaina, ambaye siku zote hunijibu Kiswidi, akasema kwa Kiswahili, "Mama, pale majini nilikuachia. Nilichoka, nikauachia mkono wako. Halafu nikarudi nikakushika. Ukifa sasa, nitajua ni mimi niliyekuua."

Nikamshika uso, nikamwambia, "Hukuniua. Lete hiyo chupa." Nikapuliza povu moja, nikakohoa mpaka nikaona nyota. Nikapuliza tena. Nilipuliza huku nalia, asubuhi na jioni, na yeye amekaa kitandani kwangu. Usaha ukakauka. Kisu hakikunigusa.

Alhamdulillahi. Nawashukuru wale wa boti, madaktari wa kule na wa hapa, na ninyi mlioniletea supu na kunisimanga kwa upendo. Nendeni visiwani, mkafurahi, bahari ni tamu. Ila waulizeni wenyeji maji yanajaa saa ngapi kabla hamjalowesha hata kidole. Mkondo ukikuchukua usishindane nao. Lala chali, inua mkono, piga kelele. Na wewe mama mwenzangu, usijifanye jabali mbele ya maji usiyoyajua. Mwanangu ana miaka kumi na tisa tu, na tayari ameshalazimika kuchagua kama afe na mama yake.