Bondia wa Tizimín Ambaye Mpinzani Wake Anakonda

Saa kumi na mbili kasoro asubuhi, Fidencio Canché anaingia soko la Tizimín na nusu ya nguruwe kila bega. Anazitundika kwenye ndoano za bucha, anajifuta shingo, kisha anaipita meza ya mama Eusebia, muuza nyama ya nguruwe iliyookwa shimoni. Hasimami.

"We Fidencio! Unaumwa?" mama Eusebia anamwita. Miaka kumi na moja hajapitwa hivyo.

"Siumwi, mama. Najinyima."

"Mwili wote huo unaunyima nini? Makubwa haya!"

Wachuuzi wanaangua kicheko. Fidencio naye anacheka, lakini mkono hanyooshi.

Ana miaka thelathini na mitatu na kilo tisini na saba. Ni mmoja wa mabondia wawili tu wa uzito wa juu mjini hapa. Wa pili ni Wilberth Poot, fundi wa kuziba pancha karibu na stendi ya mabasi. Wamepigana mara sita, na kila mmoja ameshinda mara tatu.

Huku ndondi ni za watu wadogo. Bondia wa kilo hamsini ndiye anayewekwa mwisho wa ratiba, viti vikiwa vimejaa. Pambano likinoga, watazamaji hurusha sarafu ulingoni, na wasaidizi huziokota kwa taulo. Bondia wa Tizimín atakuonyesha sarafu hizo kabla hajakuonyesha mkanda.

Fidencio na Wilberth hufungua dimba, watu wakiwa bado kwenye foleni ya bia. Hawajawahi kurushiwa hata peso moja. Wanarushiwa maneno tu. "Oaneni basi, mmezoeana mno!" mtu mmoja alipiga kelele kwenye pambano la tano, na utani huo mpaka leo haujafa.

Kocha wa Fidencio, mzee Olegario Uc, wala hamfichi. "Wadogo wanatupa ngumi mia kwa raundi, huo ndio mchezo. Hawa wawili wanatupa nane, saba zinapiga hewa. Namfundisha kwa sababu ananibebea mifuko ya mchanga bure."

Fidencio hakubali. "Kwa wadogo, ukiinama kuokota karanga, ukiinuka unawakuta bado wanapigana. Kwetu sisi ukiinama, unaweza kuinuka ukakuta mtu kalala. Nani atathubutu kuinama?"

"Wengi tu," anajibu Olegario.

Pambano moja humpa Fidencio peso elfu moja na mia tano, na sokoni hupata mia tatu kwa siku. Ukimuuliza kwa nini haachi ngumi, anakuonyesha ndoano za bucha.

"Hapa sokoni mimi ni gari," anasema. "Watu wanatazama mzigo. Kule ulingoni kuna mtu mmoja ananitazama mimi usoni raundi sita nzima, anataka kujua nitafanya nini. Mtu huyo ni Wilberth. Hakuna mwingine."

Ndiyo maana Fidencio alishtuka Wilberth alipoanza kukonda. Mvua za kwanza suruali zilikuwa zinamlegea, na mvua zilipokatika akawa anazifunga kwa kamba. Zahanati ikasema ni kisukari: mkate basi, soda basi.

Pambano la saba lilikuwa lifanyike wiki mbili zilizopita. Ijumaa mchana mabondia walikutana ukumbini kupima uzito. Wale wadogo walikuwa wamejilaza ukutani wakitema mate kwenye vikombe ili wapungue, midomo imekauka, hawajagusa maji tangu jana yake. Wilberth akapanda mizani: themanini na tisa na nusu. Katibu wa kamisheni ya ndondi ya mji hapokei bondia wa uzito wa juu aliye chini ya kilo tisini na gramu mia saba. Akampa saa moja ya kuongeza uzito.

Fidencio alitoka mbio. Alirudi na mikate miwili ya nyama ya nguruwe na chupa tatu za soda, akamkalisha mwenzake kwenye benchi.

"Kula, ndugu yangu, kula! Usitafune sana!"

Wilberth alikula. Bondia mmoja wa kilo arobaini na nane aligeukia ukuta ili asione. Chupa ya kwanza ilikuwa imekwisha Nelsy, mke wa Wilberth, alipoingia.

"Fidencio! Unamnywesha mume wangu sukari ili upate wa kumpiga?"

Ukumbi mzima ukawageukia.

"Niliona aibu sana," anasema Fidencio. "Chupa ya pili nilikuwa nayo mkononi, nishaifungua. Ugonjwa sikuufikiria hata kidogo. Nilifikiria mizani tu."

Alimpokonya Wilberth mkate, akaenda mezani kwa katibu kumwambia pambano hakuna.

"Si uniache nimalize basi?" Wilberth alilalamika. "Pambano si limeshakufa?"

Nelsy alizichukua chupa mbili zilizobaki, akaenda kuzimwaga nje.

Siku ile ile Fidencio alimwomba katibu awaandike wote wawili kwenye uzito wa chini yake, kwa sikukuu ya Wafalme Watatu mwezi Januari. Wakati huo alikuwa na kilo tisini na tisa. Mbili zimeshatoka, bado sita na ushei kufikia uzito huo.

Si kilo peke yake anazoziacha. "Marehemu baba alimwambia kila mtu mjini kwamba mwanawe ni uzito wa juu. Sina jina jingine hapa. Inaniuma, sitasema uongo."

Kila jioni akitoka sokoni anapitia kwa Wilberth. Wanauzunguka uwanja wa ng'ombe mara kumi kwa mwendo wa haraka, Nelsy akiwahesabia mizunguko kutoka kwenye kiti cha plastiki. Wakimaliza anawapa bakuli la majani ya chaya yaliyochemshwa. Chumvi anaitia yeye mwenyewe.

Jioni ya jana, kwenye kibanda cha pancha, Fidencio aliulizwa itakuwaje ikifika Januari Wilberth amezidi kukonda. Alimtazama mwenzake, aliyekuwa ameinamia tairi la lori akitafuta tundu.

"Nitamfuata," alisema. "Akishuka nashuka. Hata tukifika uzito wa nzi, kwa wale wa kilo hamsini."

Wilberth hakuinua kichwa.

"Twende tu," alisema. "Huko ndiko wanakorusha sarafu."