Galaksi Iliyokaa Benchi ya Mbele

Baba alistaafu kuongoza kwaya kifua kilipomshinda, akamwachia dada yangu. Kustaafu kwenyewe kulikuwa kwa mdomo tu. Kila Jumapili, kanisani kwetu katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, alikaa benchi ya mbele, na kwaya ikianza, mkono wake wa kulia uliinuka wenyewe, ukipanda na kushuka, huku akitoa pumzi kwa nguvu puani ili sauti ya pili ijue wakati wa kuingia. Waimbaji hawakujua wamfuate nani, na fahali wawili hawakai zizi moja. Dada aliniambia huku akilia kwamba baba asipoacha, ataacha yeye.

Mimi nilikuwa nasoma fizikia Mbarara, nimepanga chumba Nyamitanga. Wiki ile mwalimu alitueleza habari za galaksi za mbali sana, ambako nyota mpya hazizaliwi tena. Ungetarajia zitulie. Lakini mwanga wake ukichambuliwa, unaonyesha gesi bado inatoka, tena kwa kasi ya ajabu. Nani anaisukuma, na zile nyota changa zilizokuwa zikiipuliza zimekwisha kufa? Mwalimu alisema huenda ni nguvu iliyobaki ya siku za moto mkali, huenda ni shimo jeusi lililojificha katikati. Wataalamu wenyewe bado wanabishana. Nilicheka peke yangu darasani. Galaksi hiyo nilikuwa naijua.

Jumamosi nilishuka Rwekubo, nikachukua boda hadi nyumbani. Tukiwa tunakula ugali wa muhogo na mboga za lengalenga, nikamsimulia baba yote, nikijifanya sina langu. Alisikiliza vizuri, akauliza maswali ya maana, mpaka mama, ambaye hana subira na mafumbo, akamwambia galaksi yenyewe ni yeye. Baba akatafuna polepole. Halafu akasema kesho atakaa nje, tuone.

Kweli alikaa nje, karibu na dirisha, mikono ameikalia kama mtoto aliyekatazwa kugusa sufuria. Ubeti wa kwanza ulitoka safi, dada akatabasamu. Wa pili, sauti ya pili haikuingia. Wote walikuwa wanaisubiri ile pumzi. Wenye besi wakaendelea kuimba kivyao. Nikamtazama baba dirishani. Alikuwa amefumba macho, hatikisiki hata kidole, na mimi niliyekuwa nimeutafuta utulivu ule nikashikwa na hofu. Sikuwahi kumwona baba ametulia hivyo, na kifua chake nilikuwa nakijua.

Dada akaisimamisha kwaya, akageukia dirishani.

"Baba, rudia fasi yako," akasema. "Siye tuko tunapotea."

Baba akafumbua macho, akaingia taratibu hadi benchi yake ya mbele, akijaribu kuficha furaha na kushindwa. Kabla hajakaa, mkono ulikuwa umeshapanda.