Vidonge vya Ini la Mama

Daktari alipomwambia mama kuwa ini lake limeingia mafuta, nilijitia ujuzi. Nafanya kazi katika ghala la bidhaa za afya, eneo huru la biashara la uwanja wa ndege wa Dubai, na kusoma maandishi ya katoni kulikuwa kumenipa kiburi cha bure. Nikamweleza kwamba kuna kitu kinaitwa fosfatidilkolini. Ndicho kinachojenga kuta za kila seli mwilini, na ini likikikosa hushindwa kuyatoa mafuta, yakabaki humo humo.

"Na kinapatikana wapi?" akauliza.

"Kwenye vidonge, mama."

Ningeweza kusema kwenye mayai. Kiini cha yai kimejaa kitu hicho, soya nayo inacho, na mwili wenyewe hujitengenezea kiasi. Lakini nani atasifiwa kwa kuleta trei la mayai? Nilitaka kuleta chupa ya Ulaya.

Msimamizi alinipa chupa nne kutoka katoni iliyobonyea. Mzigo ule ulikuwa wa kupita tu, unakwenda nchi nyingine, haukukaguliwa kwa soko la hapa. Hilo nililijua vizuri. Nyumbani kwetu, mtaa wa Al Twar, mama aliigeuzageuza chupa. Yeye husoma msahafu, Kiingereza hakijui.

"Mwanangu, hivi ni halali?"

"Mama, hapa Dubai. Kila kitu halali."

Akaniamini. Kila siku alimeza kimoja kwa Bismillahi, na Ramadhani ilipoingia akawa anafuturu kwa tende, maji, kisha kidonge.

Njia ya mwongo ni fupi, wasema. Yangu ilichukua miezi miwili. Mteja mmoja alipiga simu ghalani kuuliza ganda la vidonge vile limetengenezwa kwa kitu gani. Nikasoma chini ya chupa, herufi ndogo kama mayai ya chawa: jelatini ya nguruwe. Nilimjibu mteja kwa adabu, kisha nikaenda kukaa nyuma ya katoni, uso unaniwaka.

Kinachoniaibisha zaidi ni kwamba sikumwambia siku ile. Jioni tatu nilikaa naye mkekani nikimtazama akimeza, nami nikila sambusa zake. Ya nne nikaushika mkono wake kabla kidonge hakijafika mdomoni, nikasema yote.

Alikwenda kusukutua, akakawia huko. Aliporudi nikaanza kumweleza kuwa asiyejua hana dhambi.

"Yangu Mungu anayajua," akasema. "Mie sikujua. Wewe ulijua kuwa hujui, na ukanambia halali."

Aliendelea na mwezi wake wa kufunga, na hakuwahi kunisema mbele ya ndugu zangu. Asubuhi hizi anatembea kama alivyoagizwa na daktari, anakula yai lake. Nikimletea chochote chenye maandishi, hata pakiti ya biskuti, hunishukuru, kisha huinuka mbele yangu akagonge kwa jirani Mhindi amsomee.