Isale ya Mpiga Drams

Bendi yetu ya roki tuliianzisha chuoni Moshi, tukiwa watatu wa chumba kimoja, na nusura mimi niiue kabla haijapiga hata kwenye sherehe moja. Wenzetu bwenini walipenda dansi na rege. Sisi tulitaka kelele. Gitaa lilikuwa langu, la mtumba, lenye kupiga shoti ukilishika na jasho. Mwimbaji alikuwa mtoto wa Marangu mwenye sauti ya kukwaruza. Mpiga drams alitoka Kibosho, kijana mpole, na drams zake alizitengeneza mwenyewe kwa madebe ya rangi na ngozi ya mbuzi. Alizipiga kama anayepasua kuni.

Tatizo lilikuwa mkono wangu. Mimi ni mtoto wa mjini, nimekua katikati ya kaka wengi, na kwetu ubishi ulimalizwa kwa ngumi. Mchana mmoja, tukifanya mazoezi stoo, mpiga drams alinisimamisha mara tatu. Nakimbia mno, akasema, nifuate mapigo yake. Mara ya nne nilivua gitaa nikamzaba kofi la sikio kwa nguvu zangu zote. Alianguka juu ya madebe. Damu ikamtoka sikioni ikaingia kwenye kola, nami, Mungu anisamehe, bado nilitaka kumwongeza.

Daktari alisema sikio lile halitasikia tena. Akaenda kwao, wiki ikapita hajarudi. Hasira hasara: nilikuwa nimempoteza rafiki, na bila yeye hapakuwa na bendi.

"Mpelekee isale," mwimbaji akaniambia. "Mchagga akiletewa jani la isale hawezi kukataa kusamehe. Ila uangalie..."

Sikungoja amalize.

Nilipofika Kibosho niliziona isale zimejipanga pembeni mwa kihamba, shamba la migomba la baba yake. Nikafurahi kwamba sitahangaika kutafuta, nikang'oa shina zima na mizizi yake. Sikujua kwamba ule ndio mpaka wa shamba, umepandwa na babu yake, na kwamba watu wameuana kwa shina moja.

Mzee alitokea migombani na panga.

"Shikamoo, baba," nikasema, shina mkononi.

Alilinyooshea panga shimo. "Nani amekutuma kung'oa mpaka wangu?"

Ubapa wa panga ulinipata shavuni, kisha begani. Nikapiga magoti kwenye matope, mdomo umejaa damu. Kwa woga nikapayuka kwamba mimi ndiye niliyemuumiza mwanawe, nimekuja kuomba msamaha. Nikawa nimemwongezea sababu. Akageuza makali.

Mwanawe alitoka mbio akamdaka mkono. "Baba, ameshika isale! Hakatwi mtu aliyeshika isale!"

Mzee alishusha panga. Akanitemea mate miguuni, akaingia ndani.

Rafiki yangu alilirudisha shina shimoni, akashindilia udongo kwa kisigino. Akachuma jani moja tu.

"Nimelipokea," akasema. "Nimekusamehe kwa sababu ni lazima."

Nililia pale pale, nikidhani yamekwisha.

Jumatatu alirudi stoo. Alihamisha madebe yake yote hadi ukuta wa pili, akakaa sikio lililokufa likiwa upande wangu.

"Huku ndiko utakakokuwa unapigia," akasema, akiligusa sikio lile.

Tulipiga hivyo mpaka tukamaliza chuo.