Nilikataa mke wangu akatwe kipande kwa sababu ya sangari

Wakuu, salamu kutoka huku kwa majani chai, Konoin. Shule niliacha darasa la nne, kwa hivyo mkiona makosa ya kuandika songeni mbele. Lakini hii story ilinipata mimi mwenyewe, na mahali nilikosa nitasema nilikosa.

Mke wangu anaitwa Mama Chebet. Mwaka jana nikaona kwa meza anasukuma ugali na maziwa. Tonge moja, anameza mursik. Tonge ingine, mursik tena.

Nikamwambia, "Unakula kama mtu anafukuzwa."

Akasema, "Ni hiyo unga ulileta. Unga ya siku hizi ni mawe."

Tukacheka. Baadaye akaacha ugali, akabaki na uji.

Hapa nitoke kando kidogo. Kwetu chai inanyweka ikiwa bado inachemka. Ukipea mgeni chai imepoa, ataenda kusema huko nje kwamba hukutaka akuje. Mama Chebet alikuwa anamaliza kikombe kabla mimi nipulize yangu. Kumbukeni hiyo, nitarudi.

Msichana wetu Chebet anafanya kazi Kericho. Alikuja Jumapili, akaangalia mama yake akila mara moja tu. Jumatatu tulikuwa hospitali.

Wakamwingiza kamera kwa koo. Daktari, msichana mdogo lakini mpole, akasema kuna uvimbe kwa bomba la chakula. Lazima watoe kipande kidogo, kama punje ya mchele, wapeleke lab ndio wajue ni nini.

Mimi nikakataa.

Wakuu, msinicheke. Mtu wa shamba anafikiria na shamba. Nyinyi mnajua sangari, ile nyasi ya mizizi mirefu. Wakati nilikuwa na haraka ya kupanda block ya chini ya shamba, nilikuta kichaka kimoja cha sangari. Badala ya kuchimba na fork jembe, ile ya meno, polepole, nikachukua jembe ya kawaida, nikakatakata. Nikaenda nyumbani nimefurahi. Mvua ilipokuja, kila kipande kilikuwa kimeota. Kutoka kichaka kimoja nikapata shamba mzima ya sangari!

Kwa hivyo nikaambia daktari, "Hiyo kitu usiguse na kisu. Ukiikata, utaipanda."

Akajaribu kuniongelesha, nikasimama. Mama Chebet aliniangalia. Akavaa viatu vyake tukaenda.

Wiki sita, wakuu. Nilienda mpaka Siongiroi kutafuta mizizi ya kuchemsha. Sweta ya kanisa ikaanza kumning'inia kama imewekwa kwa fito. Halafu siku moja asubuhi chai yenyewe ikakataa kushuka. Ikarudi.

Akapanguza mdomo, akasema, "Baba Chebet, wewe unaogopa kisu. Mimi naogopa kikombe. Kesho naenda. Kama unakuja, vaa viatu."

Nilivaa.

Tulipata daktari yule yule. Kumbe mama yake anachuna majani huko Mogogosiek. Hakunigombeza. Akaniuliza, "Mzee, ukivuta gugu ya kawaida na uiache kwa jua, inafanya nini?"

"Inakauka."

"Na sangari?"

"Hiyo inalala kwa barabara, ikipata unyevu inashika tena."

Akasema sasa nisikize. Seli za mwili zimeshikana, kila moja imeshika jirani na imeshika chini pale imewekwa. Seli nzuri ikiachilia, inajua kazi imeisha. Inajikunja, inakufa polepole bila kusumbua mtu. Hata sasa tukiongea zinakufa hivyo, na ni vizuri. Lakini ya cancer inaachilia wenzake na inakataa kufa. Inatambaa, inaingia kwa damu ama kwa tezi, inatafuta mahali ingine ishike.

Nikamwambia, "Si ndio nilisema? Ni sangari!"

"Ni sangari, mzee. Lakini haingojei kisu yetu. Inatembea yenyewe. Hiyo punje nataka ni ya kujua tunachimba nini na tunachimba wapi. Wewe ukiona sangari ikiwa kichaka kimoja, unaiacha kwa kuogopa jembe?"

Mama Chebet ndiye alijibu, na sauti yake ya kukwaruza: "Anaiacha wiki sita."

Wakatoa kipande. Ilikuwa cancer. Wakampa dawa ya dripu kwanza, ile chemo, daktari anasema inalazimisha zile seli zikumbuke kufa. Nywele ikatoka yote. Halafu wakampasua.

Baada ya operation daktari akaniita. Uvimbe umetoka wote. Lakini kwa tezi moja jirani walikuta seli zimeshafika. Hiyo tezi pia wameitoa.

Nikauliza, "Hiyo ilifika lini? Ni kwa zile wiki sita?"

Akaweka kalamu chini. "Mzee, hiyo siwezi kujua. Hakuna mtu anaweza kujua."

Wakuu, afadhali angenitukana.

Nilienda kwa kitanda nikamwambia Mama Chebet yote, hata hiyo ya tezi, hata ya wiki sita. Alikuwa na mpira kwa pua.

Akauliza, "Sangari ya block ya chini, si uliimaliza?"

"Niliimaliza."

"Ilichukua muda gani?"

"Miaka mbili. Nikipita kila wiki na fork jembe."

"Basi utapita na hii pia."

Sasa anakula kidogo kidogo, mara sita kwa siku. Tunaenda checkup, mimi ndiye nabeba file. Ya mwisho hawakuona kitu. Daktari alisema "kwa sasa", na mimi nimejifunza kushukuru hata hiyo "kwa sasa".

Funzo langu ni hili: chakula kikianza kukwama, usilaumu unga. Nenda. Na wakisema wanataka kipande, wape. Na chai, wacheni ipoe, daktari alisema moto sana inachoma hiyo bomba kila siku mpaka inachoka.

Kama kuna mwingine hapa alichelewesha mtu wake, hebu aandike anaishi aje na hilo swali. Nitasoma zote, hata za kunigombeza.

Saa hizi nimemwekea kikombe kwa meza na nimekifunika. Ameuliza mara mbili kama imepoa. Nimemwambia bado.