Mstari Ulionyooka Mno

Mdogo wangu watu wanamwita Mawimbi, na jina limemkaa. Kazi yake ni kufufua vile vipimo vya bei ya chee vinavyochomekwa kwenye kompyuta. Ni kasha la plastiki la ukubwa wa kiganja. Unalishikiza kwenye redio mbovu, na kompyuta inakuchorea mstari wa umeme unavyopanda na kushuka. Viko na vingine vyenye nyaya nane, vinavyosoma tu kama umeme upo au haupo, ili ujue chipu mbili zinaambiana nini. Vyote hutoka kiwandani na kilema chake.

Meza yake iko chumba cha mbele cha nyumba yetu, palipokuwa na kochi la mama. Mimi ndiye ninayefagia, kwa hiyo vitone vyake vya lehemu navijua kwa nyayo. Ila haki yake nisimnyime: fundi ni fundi. Alikuwa akikata makopo ya maziwa na kuyatandaza ndani ya kasha, makelele ya umeme wa kompyuta yasipenye. Tundu la waya lililolegea alilikaza upya, na mlangoni mwa umeme, pale unapoingilia kipimo, akaweka kinga, maana hakosekani mjuaji wa kukichomeka ukutani.

Shida ilikuwa wateja. Mstari ukitetemeka tu, wanakirudisha.

"Fundi, hiki bado kibovu. Ona kinavyotetemeka."

"Kinachotetemeka ni redio yako. Kipimo kinakwambia ukweli."

"Ukweli nitaufanyia nini? Nataka mstari ulionyooka."

Alibishana nao mwaka mzima, akachoka. Akaanza kuwawekea kapasita moja ndogo pale mlangoni mwa umeme. Hiyo humeza mitikisiko yote ya haraka, mstari ukatulia, mteja akaondoka anapiga mluzi. Ni sawa na kumpa mgonjwa kipimajoto kisichopanda. Mawimbi aliniambia mwenyewe, akicheka: "Hawa wanachezea vitaa tu, dada. Kitamuumiza nani?" Nami nikacheka, Mungu anisamehe.

Kaka yetu mkubwa alikuwa fundi wa vifaa hospitalini, miaka kumi na tisa. Kazi ya Mawimbi aliiita midoli, mbele ya wageni. Basi kipimo chake cha kazini kikafa, na ombi la kingine likalala kwenye meza ya bosi miezi. Alasiri moja akapita kwetu, akakuta kimoja kimewashwa mezani, mstari umenyooka kama rula. Akakigeuza geuza mkononi.

"Hiki umekitengeneza wewe?"

"Ndiyo, kaka."

"Basi nimekuonea bure miaka yote hii. Wewe ni fundi kuliko mimi."

Mawimbi akafungua mdomo. Nilikuwa nakunja nguo, nilimwona. Akaufunga, kisha akasema, "Kichukue, kaka. Nakupa."

Watu husema mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Huyu wetu maji alishayatia zamani; sifa zilimziba mdomo tu. Nilidhani atamwambia wakiwa mlangoni. Hakumwambia.

Wiki tano baadaye ililetwa kwa kaka mashine ya kuwapasha joto watoto wachanga. Akaipima, mstari ukatulia, akatia saini kwenye kadi kwamba ni nzima. Wodini ikajizima. Muuguzi akamkuta mtoto amepoa. Mtoto alipona, tunashukuru. Lakini mkaguzi alikuja na chombo kikubwa, na dakika ya kwanza tu akaona umeme unaruka ovyo. Saini ilikuwa ya kaka, na kaka akaachishwa kazi.

Hakukitaja kile kipimo hata mara moja. Aliwaambia wakubwa wake macho yake yamechoka, na aliamini hivyo. Akanunua miwani. Kisha, mtu mzima yule, akaja kumwomba mdogo wake kona ya meza.

Siku kumi na moja walikaa bega kwa bega, Mawimbi akimpokeza bisibisi. Nilimwambia jikoni, "Mwambie, au nitamwambia mimi." Akasema kesho. Kila siku kesho.

Siku ya kumi na mbili kaka akafungua kipimo cha mteja, akakisogeza dirishani.

"Hii kapasita inafanya nini hapa mlangoni?"

"Inalainisha mstari."

"Changu kilikuwa nayo?"

Mawimbi akainamisha kichwa. "Kilikuwa nayo."

"Na siku ile unanipa, ulijua?"

"Ulikuwa unanisifu, kaka. Hujawahi kunisifu."

Kaka akaivua miwani, akaiweka mezani taratibu.

"Miezi mitatu siyaamini macho yangu," akasema. "Barabara naivuka nimemshika mke wangu mkono. Dawa za mwanangu nasomewa na jirani, naogopa kukosea. Nilijua nimekwisha. Na wewe umekaa hapa, siku zote hizi, unaniangalia."

Akavaa viatu, akatoka.

Mawimbi akanigeukia, machozi yanamtoka. "Dada, mfuate. Wewe anakusikiliza."

Nikamwambia, "Nenda mwenyewe."

Hajaenda mpaka leo.