Siku Mawese Yalipofukuzwa Jikoni

Nimeishi Tabora, Mpanda, Dar es Salaam na miji mingine ambayo sikukaa vya kutosha hata kufahamiana na majirani. Kote huko, nilipokumbuka nyumbani, sikulikumbuka ziwa kama watu wanavyodhani. Nilimkumbuka samaki wake, mgebuka, aliyepikwa kwa mawese mekundu. Kwa hiyo niliporudi Ujiji mwaka juzi, binti wa dada yangu alipokuwa anaposwa, nilishuka garini na njaa niliyoitunza njia nzima.

Nikakuta mawese yamefukuzwa jikoni.

Sababu ilikuwa kwenye simu ya dada. Kundi la familia lilikuwa limeletewa habari yenye kichwa kikubwa: "MAWESE YAUA KIMYA KIMYA." Chini yake palikuwa na picha ya Mzungu mwenye suti, ameshika kifua. Sidhani kama maisha yake yote amewahi kukaa meza moja na mgebuka. Dada alisoma kichwa, akatazama picha, akawatumia watu wote anaowapenda. Mimi, kwa kuwa sikuwa na kazi ya maana, nilisoma mpaka chini kabisa. Huko, baada ya tangazo la sabuni ya kung'arisha ngozi, daktari mmoja alikuwa amesema kwamba mafuta yoyote yakizidi yana madhara, na kwamba watu wajitahidi kutembea kwa miguu.

"Sasa hapa mawese yamemuua nani?" nikamuuliza.

"Kaka, usiniletee mkosi. Wakwe wanakuja kesho kutoka Mwandiga. Mmoja akianguka hapa sebuleni, nitasema nini?"

Sikuweza kumcheka sana. Kwetu wageni wa posa wakila wakashiba, mazungumzo yanakuwa mepesi. Wakionja na kuacha, hakuna atakayetamka hapana, hawarudi tu. Binti alimpenda yule kijana, na mama yake alikuwa ameshakosa usingizi kwa ajili ya sahani ambazo hazijapakuliwa.

Akanunua mafuta ya chupa, meupe, yenye picha ya moyo unaotabasamu. Madukani kwetu siku hizi kila kinachoheshimika ni cheupe: sabuni inayoahidi weupe, sembe nyeupe kuliko chaki, mafuta unayoweza kusomea gazeti kupitia chupa yake. Mgeni akitufahamu kwa rafu za duka peke yake atadhani tunaishi kwa kuogopa rangi. Nikaigeuza chupa. Kwa maandishi ya kumkomoa mzee asiye na miwani, waliandika kwamba ni mafuta ya mawese yaliyosafishwa.

Nikamsomea mama, ambaye amekuwa akichemsha mawese uani tangu sijazaliwa. Akacheka hadi akajifuta macho kwa kanga.

"Kumbe ni yaleyale! Wameyavua nguo tu."

"Yaliyosafishwa, mama," dada akasema bila kucheka. "Neno lenyewe si umelisikia?"

"Haya. Mwenye binti ni wewe."

Kesho yake wageni wakaja. Migebuka wa kutoka mwaloni Kibirizi, wanono, walilala kwenye sinia wakiwa wamepauka, pembeni ugali wa muhogo, mweupe nao. Sinia lote lilifanana na shuka za wodini. Shangazi wa kijana, mama mwenye sauti ya kuita mitumbwi, alinawa, akamgusa samaki kwa kidole, akakirudisha kidole. Akamwambia mzee aliyekuwa jirani yake kwa Kiha, kana kwamba sisi ni watu wa Pwani wasiokielewa: "Humu ndani kuna mgonjwa?"

Kisha akamgeukia dada. "Mkwe, sisi tumetoka Mwandiga tukiwa wazima. Mbona mmetupikia chakula cha hospitali? Au mawese mmewawekea wakwe wengine?"

Hakuna aliyekuwa anakula. Dada, kwa hofu, akatoa simu na kumwonyesha ile habari.

"Hii?" Shangazi akaitazama kwa mbali. "Hii naijua. Mimi ndiye niliyeituma kwa ukoo wetu wote."

"Sasa, mkwe, si ndiyo sababu..."

"Sababu gani? Hiyo ni habari. Hiki ni chakula."

Mama alikuwa ameshasimama. Akabeba sinia lote bila kumtazama mtu, na punde tukasikia kitunguu kikilalamika kwenye mawese ya moto. Harufu ikaja sebuleni kabla yake. Wageni, waliokuwa wamekaa wima kama wanapigwa picha, wakaegemea. Mzee akaanza kuuliza habari za mvua.

Sinia liliporudi lilikuwa jekundu. Walikula wakatafuna mpaka vichwa. Shangazi, vidole vikiwa vyekundu hadi kwenye viungo, akasema wangependa kupangiwa siku ya kuleta mahari, na isiwe mbali. Dada alitaka kujifuta machozi, lakini mikono yake ilikuwa na mafuta, akaona bora aendelee kula.